Injini Iliyosoma Mwanzo wa Jina Tu

Vijana wangu, mnapokuja na shikamoo zenu mkisema "mama, tufundishe kompyuta", nami nikaitikia marahaba, huwa mnadhani mmekaa mbele ya mtu aliyeelewa. Niwaambie mapema tusije tukalaumiana. Katika kazi yangu yote, muda mwingi sikuelewa. Nilikaa mbele ya kioo cha mashine, chai inapoa pembeni, nikijiuliza kitu hiki kinafanya nini. Siku za kuelewa zilikuwa chache, zilikuja zimechelewa, na nyingine zilinikuta nimekaa mahali pasipo na kompyuta.

Nitawasimulia habari ya Veneranda, kwa sababu hata leo nikiifikiria nachanganyikiwa upya.

Veneranda alikuwa mpokezi katika kliniki ya macho, njia ya kwenda Rulenge. Shirika lilelile lilikuwa na kliniki nyingine Nyakahura, karibu na soko la barabarani. Jina la shirika naliacha. Vituo vyote viwili vilitumia programu moja, ambayo kazi ya kuitunza ilikuwa yangu, kwenye mashine za aina moja zilizonunuliwa pamoja na kuletwa na gari moja. Nyakahura alikaa Shija, mpokezi mwenzake. Mgonjwa anataja jina, Shija anaandika, kadi yake inatokea kiooni kabla mgonjwa hajaketi vizuri. Kwa Veneranda mgonjwa anataja jina, Veneranda anaandika, halafu wanabaki kutazamana. Wanaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maharage yalivyotoka mwaka huu. Mgonjwa anaanza kusinzia. Ndipo kadi inatokea.

Msimamizi wa vituo, mtu asiye mbaya ila mwenye haraka, akapiga hesabu ambayo hata mimi sikuweza kuipangua. Programu ni moja. Mashine ni zilezile. Kinachotofautiana ni mtu. Mkataba wa Veneranda ulikuwa ukingoni, na akatangaza kwamba hatauongeza, atatafuta mtu mwepesi.

Sasa mjue huyo binti ni nani. Wazazi wake waliingia kutoka Burundi wakiwa watoto, wakalima hapo mpaka wakawa watu wa hapo. Yeye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Baba yake alikuwa na tabia ya kupita kliniki na mkungu wa ndizi begani, macho yake mazima kabisa, anaingia, anamtazama binti yake nyuma ya meza, anasalimia, anatoka. Wauguzi walimzoea. Walisema ni mgonjwa asiyeumwa.

Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kujishuku. "Mama, mimi siandiki polepole," akasema. Kisha akajirudi. "Au naandika polepole? Sijui tena."

Hapo nilipaswa kumjibu kama fundi. Nikamwambia nitaangalia, maneno ambayo kila fundi huyasema akiwa hajui pa kuanzia.

Ili mnielewe, lazima nirudi kwa mtu aliyenifundisha kazi, Bwana Kashaija. Alitoka upande wa Bukoba, mwembamba, mbishi, anayependa senene, wale panzi wa kukaanga, kuliko pilau ya harusi. Alichoshwa na makarani waliomwita kila walipotaka kuiuliza mashine swali jipya, akaamua kutunga lugha yake ya kuandikia programu, yenye maneno ya Kiswahili, ili kila karani ajiulizie mwenyewe. "Tafuta mgonjwa ambaye." "Kama miwani imekwisha, basi." Lugha hiyo akaiita Senene. Nilimwuliza kwa nini, akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

Lugha ya namna hiyo mashine haiijui. Katikati lazima kuwe na injini, yaani programu inayosoma kila mstari ulioandikwa na kuutenda. Nyinyi leo mnapewa injini zilizokamilika, hamzioni hata zilivyo. Sisi yetu tuliijenga kwa mikono, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba injini haishindi inapiga hesabu. Inashinda inatafuta nani ni nani. Kila kitu ndani ya programu kina jina, kila mgonjwa kwenye jedwali ana jina, na kila likitajwa injini lazima ikalitafute lilipo.

Mwanzoni Bwana Kashaija aliyapanga majina yote katika msururu mmoja. Ukimtaka wa mwisho, injini ilianzia kwa wa kwanza: ni wewe? Siyo. Ni wewe? Siyo. Majina yakiwa machache hakuna anayeona tofauti. Yakiwa mengi, na programu ikawa inapitia ziara zote za mwaka na kwa kila ziara inatafuta upya mwenyewe ni nani, karani anaweza kwenda kununua maandazi akarudi. Msimamizi akataka tununue mashine yenye nguvu zaidi. Bwana Kashaija akakataa, akasema mtu aliyepotea njia ukimpa baiskeli atapotelea mbali zaidi.

Akauvunja msururu, akatengeneza vibweta. Fikirini visanduku vingi vitupu vimepangwa. Jina likija, injini inaangalia herufi zake za mwanzo, na kwa kanuni fulani zile herufi zinaiambia kibweta cha kuliweka. Siku ya kulitafuta, inatumia kanuni ileile, inakwenda moja kwa moja kwenye kibweta hicho na kuuliza waliomo humo tu. Wengine haiwasumbui. Tulijaribu, na kile kilichokuwa kinangojewa kwa maandazi kikawa kinajibu papo hapo. Mimi nilipiga makofi peke yangu ofisini. Bwana Kashaija akajifanya hajafurahi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake asubuhi, Nyakahura. Vibweta havijui nani alifika kwanza. Msururu wa zamani ulikuwa unatunza zamu bila sisi kukusudia, tukauvunja, na orodha ya wagonjwa wa siku ikatoka imevurugika. Mzee mmoja aliyetoka Nyantakara na giza la alfajiri akaitwa wa mwisho, na mama aliyefika na jua la saa nne akaitwa wa kwanza. Mzee hakupiga kelele. Alimwuliza Shija taratibu kama huyo mama ni shemeji yake. Shija akanipigia simu akidhani nimefanya makusudi. Ikabidi Bwana Kashaija apitishe kamba ndani ya vibweta, kila jina likumbuke lililotangulia na lililofuata, ndipo heshima ya foleni ikarudi. Hilo mlishike: mkibadilisha namna ya kutunza vitu, kuna jambo zuri ambalo namna ya zamani ilikuwa inalifanya kimyakimya, na hamtalijua mpaka mzee fulani akasirike.

Basi programu hiyo, iliyoandikwa kwa Senene, yenye vibweta na kamba, ndiyo iliyokuwa inapaa Nyakahura na kutambaa kwa Veneranda.

Nilianza na umeme. Nilikuwa na cheti ukutani na bado niliamini kwamba umeme wa upande ule huenda umechoka. Nikapeleka betri kubwa ya kutuliza umeme. Hakuna kilichobadilika. Nikafungua mashine, nikapuliza vumbi, nikakuta kiota cha panya, nikafurahi mno kwa sababu panya ni jibu ambalo kila mtu analielewa. Nikamtoa panya. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza kumbukumbu ya mashine. Nikasafisha virusi ambavyo havikuwemo. Padri alipita kubariki jengo jipya la upasuaji, nikamwomba apitie na mapokezi. Alicheka, akaibariki mashine. Haikuongeza mwendo, ila haikuharibika zaidi, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliweza.

Kila niliporudi ofisini kwetu Biharamulo niliijaribu programu ileile, na kila mara ilipaa. Nilimwonyesha Bwana Kashaija. Aliitazama, akasema injini haina tatizo, nenda katazame watu. Nikakerwa, kwa sababu yalikuwa maneno yaleyale ya msimamizi.

Msimamizi naye akaja na wazo ambalo niliona ni la haki. Awabadilishe. Shija aende njia ya Rulenge, Veneranda aje Nyakahura, tuone. Nikafurahi. Nikasema sasa ukweli utajulikana.

Ukajulikana, au nilidhani hivyo. Shija alipofika kule akawa mzito kama mtu anayeandika na glavu. Veneranda alipofika Nyakahura kadi zikawa zinaruka. Nikaenda kwa msimamizi natembea kifua mbele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ameshaelewa. Shija ameambukizwa uvivu wa kule. Na Veneranda, kumbe anaweza kuwa mwepesi, akiogopeshwa. Maana yake siku zote alikuwa anafanya kusudi.

Nilikasirika mpaka nikasahau mkoba wangu mezani kwake. Jaribio lililotakiwa kumwokoa yule binti likawa limemzamisha. Nilijua amekosea, lakini nilijua kwa moyo tu, na moyo hauandikwi kwenye ripoti. Kila mtu alirudishwa kituoni kwake, na Veneranda akaambiwa amalizie siku zake.

Nikafunga safari kwenda kule bila betri wala bisibisi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeishiwa. Nikaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, kati ya bibi aliyezibwa jicho moja na bwana mwenye kofia ya sufu, nikamsikiliza Veneranda akifanya kazi.

Kwanza nikasikia kitu ambacho hakikuwepo zamani. Kila mgonjwa akisogea mezani, kabla hata hajaandika herufi moja, Veneranda alikuwa anaomba radhi. "Samahani mzee, univumilie, mimi ni mzito kidogo." Bibi mwenye bandeji akamjibu, "Usijari, mwanangu, tunasubili." Niliinamisha kichwa. Nilijua hakuwa na uzito wowote. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kasi kuliko vyangu.

Halafu daktari akawa tayari, na Veneranda akaanza kuita watu kwa sauti.

"Ndayi," akaanza, na kabla hajavuta pumzi karibu nusu ya benchi ikajiinua. Bwana wa kofia akasimama. Bibi akashika fimbo. Mama mmoja akambeba mtoto. "Zeye," Veneranda akamalizia, na wote wakarudi kuketi ila wawili. "Melkiori." Mmoja akaketi, mwingine akaenda. Hakuna aliyecheka wala kushangaa. Baada ya muda akaanza tena, "Ndayi," wakainuka, "shimiye," wakaketi.

Kwa wasioijua hali ya kule niwaeleze. Familia nyingi za asili ya Burundi humpa mtoto jina ambalo ni sala nzima. Ndayishimiye, namshukuru. Ndayizeye, namtumaini. Ndayiragije, nimejiweka mikononi mwake. Ndayisaba, namwomba. Jina hilo la nyumbani ndilo hutajwa kwanza, la ubatizo linafuata. Nyakahura mtu atakuambia Hamisi, Rebeka Masanja, Bahati, Doto, kila mmoja anaanzia kwake. Huku wanaanzia pamoja, na mtu anajulikana mwishoni.

Nilikaa pale nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Sikusema nimeelewa. Nilisema moyoni, hapana, haiwezi kuwa jambo la kijinga hivi. Wakainuka tena, wakaketi tena. Mimi nami nikainuka, nikatoka nje, nikampigia Bwana Kashaija.

"Ile kanuni ya vibweta inasoma herufi ngapi?" nikamwuliza.

"Za mwanzo tu. Zinatosha."

"Zinatosha kwa watu wa wapi?"

Akasema, taratibu sana kwa mtu wa ubishi wake, "Kwa watu wa Nyakahura."

Ndivyo ilivyokuwa. Majina ya kujaribia tuliyachukua Nyakahura kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Tulipima injini kwa majirani zetu, tukasema tumeipima kwa watu wote. Kule kwa Veneranda vibweta vingi vilikaa vitupu, na kimoja kimefura, kimejaa sala za watu, na injini inasimama mlangoni kwake na kuuliza mmoja mmoja: ni wewe? Siyo. Ni wewe? Siyo. Tulikuwa tumewatengenezea upya msururu uleule tuliojisifu kuuvunja.

Sasa sikilizeni hili, ni la kazi. Mkitengeneza vibweta, msiulize tu kama vinafanya kazi. Viambieni vitoe hesabu ya waliomo kila kimoja. Ningefanya hivyo siku ya kwanza ningeokoa betri, kumbukumbu, na panya wa watu. Na mkichukua majina ya kujaribia, yachukueni mbali na nyumbani kwenu, kwa watu ambao hamkuwafikiria mlipokuwa mnaandika kanuni.

Kutengeneza hakukuchukua muda. Bwana Kashaija alikuja mwenyewe na basi, na mfuko wa senene. Tukaondoa ile kanuni ya herufi za mwanzo. Mpya ilichukua herufi zote, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, ikazikoroga moja baada ya nyingine, kila inayoingia inabadilisha zilizotangulia, ndipo inapata namba ya kibweta. Majina mawili yakitofautiana hata mwishoni tu, kwa kawaida yanaangukia mahali mbalimbali. Tukaongeza na jambo la pili: vibweta vikianza kujaa, injini iongeze vingine na kuwagawa watu upya, isisubiri kimoja kifure. Tukaomba hesabu ya kila kibweta. Wametawanyika vizuri. Bwana Kashaija akaitazama ile hesabu muda mrefu. Akasema kumbe alikuwa ameandika injini ya kijiji kimoja, akaniwekea senene kwenye kiganja.

Asubuhi iliyofuata tulisimama nyuma ya Veneranda. Msimamizi alikuwepo, amekunja mikono. Sikuwa nimemwambia Veneranda tumefanya nini, kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi sana kwamba nimeitengeneza. Mzee mmoja akasogea, akataja jina. Veneranda akaandika, akamgeukia kama kawaida yake.

"Samahani mzee, univumilie, mimi ni—"

Kadi ilikuwa imeshatokea. Mzee ndiye aliyeiona kwanza, akanyoosha kidole kuelekea kioo. Veneranda akageuka. Akaitazama ile kadi, akaifunga, akaliandika jina upya, ikatokea tena. Mimi nililia, sioni haya kuwaambia. Msimamizi akakohoa, akasema yeye siku zote alishuku ni mashine. Mkataba uliongezwa wiki hiyohiyo. Baba mtu alikuja na mkungu wa ndizi, safari hii akauacha.

Ningeishia hapo mngefurahi, na mngesema mama ametupa somo zuri la vibweta. Lakini niliwaahidi mkanganyiko.

Juzijuzi macho yangu yameanza kuona ukungu, nikaenda kliniki ileile. Veneranda sasa ndiye mkuu wa mapokezi, ana vijana wawili chini yake, nywele zimeanza mvi mbele. Mashine zimebadilishwa, lugha ya Senene imestaafu kama mimi, na siku hizi sijui ni injini gani inazunguka humo ndani. Hakunitambua mara moja kwa sababu nilikuwa na kitambaa kichwani. Akaniuliza jina, nikalitaja, akaanza kuandika.

"Samahani mama, univumilie," akasema, macho kwenye kibodi. "Mimi ni mzito kidogo."

Nikamwangalia. Injini tuliitengeneza mchana mmoja, na hili sikujua pa kulishika. Kioo kilikuwa kimegeukia upande wangu kidogo, kadi yangu iko pale, imemaliza zamani.

"Veneranda," nikamwambia, "imeshatokea."

Akainua macho, akakitazama kioo, akanitambua, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Loo, mama," akasema. "Samahani."